Obama kabla ya Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miaka yake katika Seneti ya Illinois

Kwa wengi wetu habari ya Barack Obama huanzia kwenye hotuba ya Boston mwaka 2004, kisha ikarukia usiku ule wa Novemba 2008 alipochaguliwa rais, ambapo Kogelo, kijiji cha baba yake Kenya, haikulala. Kabla ya hapo alikuwa amekaa karibu miaka minane katika bunge la jimbo, mbali na kamera, na sehemu kubwa ya muda huo akiwa upande wa walioshindwa. Naamini huko ndiko siasa ilikomfunza kazi, na ndiyo sababu majibu haya yamekaa Springfield, mji mkuu wa Illinois, muda mrefu kuliko Washington.

Seneti ya jimbo ni ipi, na Seneti ya Marekani ni ipi?

Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Illinois hukutana Springfield, mji wa wastani uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, yapata kilomita 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Lina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118. Seneti ya Marekani ni ile ya Washington yenye maseneta 100, wawili kwa kila jimbo. Kwa hiyo "Seneta Obama" wa kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 ni wa Springfield. Wa kuanzia Januari 2005 ndiye wa Washington.

Basi seneta wa jimbo ni sawa na diwani wa bunge la kaunti Kenya?

Watu hulinganisha hivyo, lakini uzito ni tofauti sana. Bunge la kaunti hushughulika na bajeti ya kaunti, zahanati, masoko, barabara za mitaani. Bunge la jimbo la Marekani huamua kosa gani ni jinai na mtu afungwe miaka mingapi, kodi ya mapato ya jimbo iwe kiasi gani, polisi wafanye kazi vipi, shule zipate fedha wapi, hata kama hukumu ya kifo iwepo au isiwepo. Sheria nyingi zinazomgusa Mmarekani wa kawaida kila siku hutoka huko. Anayeidharau kazi hiyo kwa sababu haionekani kwenye televisheni za dunia hajaielewa Marekani.

Obama alifikaje Chicago, ilhali alizaliwa Hawaii?

Alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Alihitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1983, na mwaka 1985 akahamia Chicago kuwa mratibu wa jamii katika mitaa ya kusini iliyokuwa imeumizwa na kufungwa kwa viwanda vya chuma. Alisomea sheria Harvard, akawa Mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la chuo hicho mwaka 1990, kisha akarudi Chicago. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya kusajili wapiga kura iliyoingiza watu wanaokadiriwa kufika 150,000 kwenye daftari. Akafanya kazi katika kampuni ndogo ya mawakili wa haki za raia na kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, kazi aliyoendelea nayo hata alipokuwa seneta wa jimbo.

Je, ni kweli kwamba aliingia Seneti mwaka 1996 kwa kuwaondoa wapinzani wake wote?

Ni kweli. Mashabiki wake wengi hawapendi kulizungumza jambo hili.

Kiti cha eneo la uchaguzi namba 13, kinachobeba mtaa wa Hyde Park na jirani zake, kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke msomi aliyeheshimika sana upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 Mel Reynolds alijiuzulu ubunge wa Washington baada ya kukutwa na hatia mahakamani, na Palmer akaamua kuwania nafasi hiyo. Obama akatangaza kumrithi huku Palmer akimuunga mkono. Lakini katika mchujo wa Novemba 1995 Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., akabaki wa tatu. Wafuasi wake wakamwomba Obama ampishe arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa.

Palmer akakusanya saini kwa haraka haraka. Sheria ilitaka saini 757 za wapiga kura waliosajiliwa katika eneo lile. Watu wa Obama wakaenda kukagua fomu jina kwa jina: aliyehamia eneo jingine, aliyeandika kwa herufi kubwa badala ya kutia saini, ambaye hayumo daftarini. Palmer akaonekana hajafikisha idadi, akajiondoa. Wagombea wengine watatu nao wakaangukia hapohapo. Obama akaingia mchujo wa Machi 1996 akiwa peke yake, na Novemba akashinda kwa urahisi katika eneo ambalo Chama cha Republican hakina nguvu kabisa.

Je, alitenda haki? Kisheria hakuna alichokosea. Mchezo huo ni wa zamani Chicago na kila mwanasiasa wa huko anaujua. Lakini alikuwa ametumia miaka akihimiza watu wa mitaa ileile wapewe nafasi ya kuchagua, na mara yake ya kwanza kwenye karatasi ya kura hawakuwa na wa kuchagua ila yeye. Namheshimu sana Obama, ila hapa naona Palmer alistahili kupambana naye mbele ya wapiga kura.

Alipokelewaje Springfield?

Kwa ubaridi. Seneti ilikuwa mikononi mwa Republican tangu 1993, chini ya rais wake James "Pate" Philip, na katika mabunge ya aina hii mswada wa mtu wa upande wa wachache huweza kufungiwa kwenye kamati usionekane tena. Hata ndani ya chama chake baadhi ya wenzake Weusi kutoka Chicago walimwona kama profesa anayekuja kuwafundisha kazi waliyoifanya kabla yake.

Alijifunza kukaa na watu. Jioni za Springfield ni ndefu na wabunge wako mbali na familia zao, kwa hiyo urafiki hujengwa nje ya ukumbi. Obama alijiunga na kikundi cha kucheza poka kwa dau dogo nyumbani kwa Terry Link, seneta mwenzake aliyeingia bungeni pamoja naye. Mezani walikuwapo maseneta Wazungu wa maeneo ya mashamba na miji midogo pamoja na washawishi, yaani watu wanaolipwa na makampuni kuwavuta wabunge upande wao. Mtu aliyekulia Hawaii na Jakarta na kusomea Harvard akawa anasikiliza shida za wakulima wa kusini mwa Illinois, kijijini hasa, ambako watu wameikaribia Kentucky kuliko Chicago. Miaka saba baadaye alihitaji kura za watu hao.

Sheria yake ya kwanza kubwa ilikuwa ipi?

Ya maadili, mwaka 1998. Kiongozi wa Democrats katika Seneti, Emil Jones Jr., alimkabidhi kazi hiyo kwa kushauriwa na Paul Simon, aliyekuwa seneta wa Marekani wa Illinois na mtu aliyesifika kwa uadilifu. Obama alishirikiana na Kirk Dillard wa Republican kupunguza zawadi ambazo washawishi wangeweza kuwapa wabunge, na kukataza wanasiasa kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi. Kabla ya hapo mbunge wa Illinois aliweza kutumia michango ya kampeni kwa mahitaji yake bila kuvunja sheria. Hakuna mbunge anayependa kuombwa ajifungie mlango wa fedha, kwa hiyo kazi hii haikumpatia marafiki wengi. Ilimpatia Dillard, ambaye mwaka 2007, ingawa ni Republican, alikubali kutokea kwenye tangazo la kampeni ya urais ya Obama akimsifu.

Kwa nini wapinzani walisema alikwepa kupiga kura?

Illinois inamruhusu mbunge kubonyeza vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na "nipo". Obama alibonyeza "nipo" karibu mara 130 kati ya kura elfu kadhaa. Mwaka 2008 Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo wa urais wa Democrats, alimshambulia sana kwa hilo.

Mswada wa kawaida Seneti unahitaji kura 30 za ndiyo ili upite, hivyo "nipo" huzuia mswada sawasawa na "hapana". Wabunge huitumia wanapokubali lengo lakini wana shaka na katiba, au wanapoitumia kwa pamoja kama mbinu ya chama. Kwenye miswada ya utoaji mimba, watetezi wa haki hiyo walipanga na baadhi ya wabunge wafanye hivyo. Zipo pia kura ambazo "nipo" ilimwepusha na matangazo mabaya ya kampeni, na sioni haja ya kumtetea katika hizo.

Ni kweli aliwahi kushindwa uchaguzi?

Mara moja, na vibaya. Mwaka 2000 aliwania kiti cha Bobby Rush, mbunge wa Washington tangu 1993, ambaye katika ujana wake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi wenye msimamo mkali. Obama alidhani Rush amedhoofika kwa sababu mwaka 1999 alikuwa amebwagwa na Richard Daley katika uchaguzi wa meya. Alikosea hesabu. Kushindwa na Daley hakukumaanisha kwamba watu wa nyumbani wamemchoka Rush.

Kisha, Oktoba 1999, mtoto wa kiume wa Rush akapigwa risasi akafa. Eneo zima likaomboleza naye. Desemba, Gavana George Ryan aliita bunge kupitisha upya sheria ya silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake Malia, aliyekuwa bado mtoto mchanga, akaugua, wakachelewa kurudi. Mswada ukaanguka kwa kura chache naye hayupo ukumbini. Magazeti hayakumwonea huruma. Mitaani wapinzani walimsema kuwa ni mtu wa kuja, wa Harvard, anayetumwa na Wazungu wa Hyde Park.

Matokeo ya Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30. Rush anabaki mtu pekee aliyewahi kumshinda Obama kwenye uchaguzi. Agosti mwaka huohuo Obama alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa Democrats; kadi yake ya benki ikakataliwa kwenye dirisha la kukodi gari, hakupata kibali cha kuingia ukumbini, akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Miaka minne baadaye mkutano uleule wa chama ulimpa jukwaa kuu.

Kwa hiyo nini kilibadilika kati ya 2000 na 2004?

Mambo mawili, na yote mawili yalitokea Springfield.

La kwanza ni ramani. Kila baada ya miaka kumi mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya kufuatana na sensa. Illinois, vyama viwili vikishindwa kuelewana, jina huchotwa kwa bahati nasibu na chama kinachopata hushika kalamu. Septemba 2001 jina likachotwa kutoka kwenye kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, na Democrats wakashinda. Obama alishiriki kuchora eneo lake mwenyewe. Eneo la zamani lilielekea magharibi kwenye mitaa maskini ya Weusi. Jipya lilipanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan, likabaki na Hyde Park lakini likachukua pia sehemu za katikati ya jiji na mtaa wa Gold Coast, wanakoishi matajiri wa Chicago. Wafadhili wa kampeni za kitaifa wakageuka kuwa wapiga kura wake wa nyumbani. Nadhani kofia ile ilichangia urais wake kuliko watu wanavyokiri.

La pili ni Emil Jones. Uchaguzi wa Novemba 2002 uliwapa Democrats wingi wa Seneti, na Januari 2003 Jones akawa rais wake. Jones amesimulia hadharani jinsi Obama alivyomfuata na kumwambia kuwa sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akamuuliza ni nani huyo, naye akajitaja. Jones akakubali. Kuanzia hapo Obama alikabidhiwa miswada mizito, mingine ikiwa imebebwa kwa miaka na wenzake, jambo lililowaudhi baadhi yao. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini kuupokea mswada si sawa na kuupitisha.

Alipitisha nini hasa akiwa na wingi?

Akiwa mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii alisukuma bima ya afya kwa watoto na wazazi wa kipato cha chini. Alishiriki kuifanya nafuu ya kodi kwa wafanyakazi maskini iwe ya kurudishiwa fedha taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi. Alipitisha sheria ya kuwataka polisi waandike asili ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ionekane kama Weusi na Walatino wanaandamwa.

Kazi yake bora, kwa maoni yangu, ni sheria ya mwaka 2003 ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji. Tangu hukumu ya kifo irejeshwe mwaka 1977, Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12 na kuwaachia 13 waliogundulika kuwa walihukumiwa isivyo haki. Baadhi walikuwa wamekiri baada ya kuteswa na polisi wa Chicago. Gavana Ryan, ambaye ni Republican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu hizo Januari 2000, na Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, akawabadilishia adhabu wafungwa 167.

Obama alitaka mahojiano yarekodiwe tangu mwanzo, si maungamo ya mwisho peke yake. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich wa chama chake mwenyewe, alikuwa amesema haungi mkono. Obama akawakutanisha wote mezani na kuwasikiliza kwa wiki nyingi, akiachia neno hapa na kubana pale, akiwakumbusha kuwa video inamlinda pia polisi mwadilifu anayesingiziwa. Mwisho polisi wenyewe wakalegeza. Seneti ikapitisha kwa kura 58 bila hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Hukumu ya kifo yenyewe ilikuja kufutwa Illinois mwaka 2011. Hotuba zake ni nzuri, nazipenda. Lakini sheria hii imewalinda watu wasio na wakili wala jina, na ndiyo ningependa itajwe kwanza.

Vita vya Iraq vinaingiaje hapa?

Tarehe 2 Oktoba 2002, akiwa bado seneta wa jimbo, alihutubia maandamano katikati ya Chicago akasema hapingi vita vyote bali anapinga vita vya kipumbavu. Hakuwa na kura Washington, kwa hiyo hotuba haikumgharimu kama ambavyo ingemgharimu aliyeko Congress, bunge la taifa. Hata hivyo wakati ule wanasiasa wengi wenye ndoto za kupanda walikaa kimya, na mwaka 2008 msimamo huo ndio uliomtenganisha na Clinton.

Je, ushindi wa 2004 ulikuwa bahati tu?

Bahati ilikuwapo, tena nyingi. Seneta Peter Fitzgerald wa Republican, mwenye kiti cha Seneti ya Marekani ambacho Obama alikiwania, aliamua kutogombea tena. Carol Moseley Braun, aliyewahi kushika kiti hicho, naye hakurudi kukiwania. Katika mchujo wa Democrats tajiri Blair Hull alitumia karibu dola milioni 29 za mfukoni mwake na akaongoza kura za maoni hadi kumbukumbu za talaka yake zilipowekwa wazi. Sheria ya wakati huo iliwaruhusu washindani wa mgombea anayejigharamia kupokea hadi dola 12,000 kwa mchangiaji badala ya 2,000, kwa hiyo fedha za Hull zilimfungulia Obama milango ya wafadhili. Katika uchaguzi mkuu mgombea wa Republican, Jack Ryan, alijitoa Juni baada ya kumbukumbu za talaka yake nazo kufichuliwa, na chama kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mtu asiye mkazi wa Illinois.

Lakini wagombea wa mchujo walikuwa saba, na Obama alipata asilimia 53 peke yake. Dan Hynes, aliyekuwa na majina makubwa ya chama nyuma yake, alipata 24. Ushindi wa namna hiyo haupatikani bila sheria za kuonyesha, kanisa baada ya kanisa, na Emil Jones akizuia vigogo wengine wasimpe Hynes kila kitu. Novemba alimshinda Keyes kwa asilimia 70 dhidi ya 27.

Na hotuba ya Boston?

Aliitoa kwenye mkutano mkuu wa Democrats tarehe 27 Julai 2004, kwa muda wa dakika 17 hivi. Kampeni ya John Kerry, mgombea urais wa chama mwaka huo, ndiyo iliyomchagua. Vituo vitatu vikuu vya televisheni havikuirusha moja kwa moja usiku ule. Watu wengi waliiona baadaye. Alikuwa bado seneta wa Springfield.

Kenya ilimsaidia au ilimzuia?

Baba yake, Barack Obama Sr., Mjaluo wa Kogelo, Siaya, alifariki katika ajali ya gari Nairobi mwaka 1982, na mwanawe alimwona kwa muda mfupi tu alipokuwa na miaka kumi. Katika siasa za Chicago jina hilo halikumpa kura. Mwaka 2000 lilitumika kumwonyesha kuwa mgeni. Kenya ilimpokea kama kiongozi baadaye, Agosti 2006, alipozuru akiwa seneta wa Marekani: alipimwa VVU hadharani Kisumu pamoja na Michelle, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi akazungumza waziwazi kuhusu ufisadi na ukabila, jambo ambalo serikali ya wakati huo haikulifurahia. Alipochaguliwa rais, Mwai Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya taifa.

Ni marais gani wengine waliopitia bunge la jimbo?

Wapo wengi. Lincoln alikaa Baraza la Wawakilishi la Illinois tangu 1834 hadi 1842, ndiyo maana Obama alitangazia azma yake ya urais mbele ya jengo la zamani la bunge Springfield, tarehe 10 Februari 2007. Theodore Roosevelt na Franklin Roosevelt walianzia bunge la New York, Jimmy Carter Seneti ya Georgia. Baada ya Obama hajapatikana mwingine.

Kiti chake cha Springfield kilienda kwa nani?

Obama alijiuzulu siku chache baada ya uchaguzi wa Novemba 2004, na akateuliwa Kwame Raoul, wakili wa Chicago ambaye wazazi wake walitoka Haiti. Raoul alikishika hadi Januari 2019, alipoapishwa kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois.